Sikio la Kiboko

Watu wa Tabaka, kule Mugirango Kusini katika kaunti ya Kisii, huchimba jiwe la sabuni mchana. Usiku kilima huwa cha wanyama. Mapatano hayo hayakuandikwa popote, na labda ndiyo sababu yameheshimiwa kuliko mengi yaliyopigwa mihuri. Jua likishatua, wachimbaji hutia sururu na mitaimbo begani, hurudi nyumbani kwenye ugali wa wimbi na chinsaga, nao wanyama huteremka mashimoni kuokota vipande vilivyoachwa: vyeupe, vya rangi ya maziwa, vya waridi, na mara moja moja cheusi ambacho hugombaniwa mpaka alfajiri.

Jiwe lenyewe lina tabia yake. Ndani yake mna talki, madini laini kuliko yote katika kipimo cha wataalamu wa mawe, hata ukucha mtupu huacha alama. Ulaini huo umewaponza wengi. Jiwe gumu humkataa asiyejua tangu pigo la kwanza. Hili humkubalia kila kitu, na kosa lake hulipokea kwa upole ule ule. Ndiyo maana pale kilimani hapajapata kutokea mnyama aliyejiona hawezi kuchonga.

Na wote walichonga viboko. Si kwamba waliwapenda viboko. Wengi wao hawakuwahi kumtazama hata mmoja kwa karibu. Walichonga viboko kwa sababu Fisi alinunua viboko. Fisi alikuwa dalali. Kila Ijumaa usiku alikuja na pikapu isiyo na taa ya nyuma, akatia viboko guniani, akalipa nusu na kuahidi nusu, kisha akashika njia ya Nairobi, kilomita zaidi ya 300, ambako kwa maelezo yake soko lilikuwa baya. Soko lilikuwa baya kila wiki. Fisi naye alinenepa kila wiki.

Mkongwe wa kazi hiyo alikuwa Mzee Nyani, aliyechonga viboko kwa miaka 20. Alimaliza kimoja kabla chai haijapoa, huku akichambua siasa za kaunti. Mgongo, kichwa, macho mawili ya kutoboa kwa msumari, na juu ya kichwa vinundu viwili ambavyo yeye aliviita masikio. Siku moja Kiboko mwenyewe alipanda kutoka Mto Gucha kutafuta majani, akapita mbele ya viboko 144 vilivyopangwa kukauka. Akasimama. Akainamisha kichwa, akazunguka upande wa pili, kisha akauliza kwa adabu:

"Mzee, huyu ni mnyama gani?"

Nyani akamwambia ashike njia yake, wageni hawaelewi sanaa.

Ndani ya shimo la zamani, lililoachwa baada ya mvua kuliporomosha, waliishi Fuko wawili, mjukuu na nyanya yake. Kazi yao ilikuwa kusugua. Pale Tabaka madume huchonga na majike husugua. Ndivyo ilivyo kwa wanyama wa usiku na ndivyo ilivyokuwa kwa watu wa mchana, na hakuna upande uliowahi kutoa sababu. Kiboko kikitoka kwa mchongaji kina alama za panga na tupa mwili mzima. Fuko alikitumbukiza kwenye beseni la maji ili vumbi lisipande kifuani, akakisugua kwa msasa wa kukwaruza, halafu wa kati, halafu ule laini unaofanana na karatasi tu, akakianika, akakipaka nta na kukifuta mpaka king'ae. Malipo yalikuwa kidogo na yalikuja baada ya mchongaji kulipwa, na mchongaji alilipwa nusu.

Fuko, kama fuko wote, alikuwa haoni vizuri. Lakini mtu anayeshika viboko vya kilima kizima kila usiku hujua mambo ambayo wenye macho hawayajui. Alijua kila mchongaji alichokea wapi. Paka-mwitu aliharakisha tumbo, kwa kuwa tumbo halionekani rafuni. Kenge alifanya upande wa kulia kwa moyo wote na wa kushoto kwa deni. Na Nyani, katika kila kiboko, alikosea pale pale, nyuma ya sikio, kosa lile lile kwa kina kile kile. Baada ya miaka 20 kosa hilo lilikuwa limekomaa kuliko kitu kingine chochote mkononi mwake.

"Magokoro," Fuko akamwuliza nyanya yake usiku mmoja, "mbona masikio ya viboko vya Mzee Nyani hayana tundu?"

"Kwa sababu Fisi hayatazami."

"Na Kiboko?"

"Kiboko hanunui."

Usiku huo, kazi ilipokwisha, Fuko aliokota kipande kilichovunjika, akachukua tupa kuukuu iliyokwisha meno, akachonga sikio. Sikio tu, bila kiboko. Akampa nyanya yake. Bibi kizee akalipitisha kwenye kidole gumba, akatikisa kichwa.

"Halisikii hili," akasema, akalitupa kwenye ndoo ya matope.

Kesho yake Fuko akachonga jingine. Halikusikia. Keshokutwa vivyo hivyo. Wapita njia waliposikia mchezo huo wakacheka, na Kunguru akautangaza kilima kizima: kule chini kuna msuguaji anayechonga masikio, na nyanya yake anayaua. Sidhani kama Kunguru alikuwa na nia mbaya. Kunguru alikuwa na nafasi ya habari ya kujaza.

Ukitaka kujua kilichokuwa kikitokea katika shimo lile, usitazame masikio, tazama makosa. Mwanzoni Fuko alikandamiza tupa, na ukingo wa sikio ukawa mwembamba ukakatika. Alipoacha kukandamiza, ukingo ukabaki lakini tundu likawa shimo la kisima, limechimbwa wima kwenda chini. Alipolipinda tundu, shina la sikio likakaa vibaya kichwani. Kila usiku alikuja na kosa jipya, na nyanya yake, aliyekuwa mchache wa maneno na mchache zaidi wa sifa, alimwambia moja tu: halisikii. Fuko akajifunza pia kugonga jiwe kwa ukucha kabla ya kulianza na kutega sikio. Jiwe zima hujibu kwa sauti kavu. Lenye ufa ndani hujibu kwa sauti iliyofifia, na kulichonga ni kujitafutia kilio.

Siku moja akateremka mpaka Gucha akamwomba Kiboko amshikishe sikio lake. Kiboko, ambaye tangu siku ile ya kwa Nyani alikuwa na kinyongo na sanaa, alikubali kwa shingo upande. Fuko akaliparamia. Lilikuwa dogo kuliko alivyodhani kwa mnyama wa ukubwa ule, la mviringo, limekaa juu kabisa ya kichwa ili lisikie hata mwili ukiwa majini. Ndani mlikuwa na mikunjo miwili iliyopishana. Kiboko akazama kidogo, akaibuka, na sikio likajipukusa maji kwa kuzunguka mara moja. Fuko alikuwa bado amelishika. Akalisikia likizunguka tangu kwenye shina. Alirudi nyumbani amelowa, bila kusema neno, na usiku ule bibi kizee alilishika sikio kwa muda mrefu kuliko kawaida kabla ya kulitupa.

Mwaka huo pia alimpata Chura wa Nyamira. Chura alikuwa mpiga obokano, lile zeze kubwa la Abagusii lenye nyuzi 8 na ngozi ya ng'ombe, linalonguruma hadi kifuani. Zamani alikaa kwenye chemchemi chini ya miinuko ya Manga, mpaka mikaratusi ikapandwa bondeni ikainywa chemchemi yote, na sasa alikuwa amepanga mtaro kwenye shamba la chai. Alialikwa mazishini Nyamarambe, akaja na mzigo wake mgongoni kupitia Daraja Mbili na Suneka, akalala kwa Fuko kwa kuwa ndiko kulikokuwa na maji.

Alfajiri Fuko akamsikia akikaza nyuzi. Alikaza mmoja, akaugusa, akaulegeza, akaukaza tena. Jua likachomoza yumo bado kwenye uzi wa 3.

"Tata, kwani jana hukuzikaza?"

"Nilizikaza. Nyamira kuna baridi, na kule kwetu ukungu huzilegeza usiku. Hapa kwenu ni joto, zimejikaza zenyewe kupita kiasi." Akagusa uzi. "Nilipokuwa kijana niliona ni adhabu. Nilitaka kupiga, si kukaza. Sasa nakwambia, sikio langu lote nimelipatia hapa, asubuhi, peke yangu. Nikipiga mbele ya watu sijifunzi kitu."

"Kwa nini?"

"Wanapiga makofi."

Wakati huo huo mambo makubwa yalikuwa yanatayarishwa huko juu. Ngedere alikuwa amefungua Chuo cha Ubingwa cha Tabaka, masomo ya siku 7, ada mbele. Siku ya kwanza mwanafunzi alifundishwa kujitambulisha. Siku ya 2 na ya 3 alifundishwa kuzungumzia kazi yake, ya 4 na ya 5 kuzungumzia kazi za wengine. Siku ya 6 ilikuwa ya picha. Ya 7 walivaa majoho, wakala ndizi, wakapewa vyeti. Jiwe hawakulishika, kwa kuwa vumbi lake halitoki kwenye joho. Kufikia mvua za Aprili kilima kilikuwa na mabingwa wengi kuliko wachongaji, na ilikuwa vigumu kupita njiani bila kuombwa msaada na Bingwa mmoja wa safari ya kwenda kuhutubia mabingwa wengine.

Mwezi wa Oktoba Mbayuwayu akarudi kutoka Ulaya, kama arudivyo kila mwaka, na ndiye aliyeleta habari. Alikuwa amepita Paris, akaona kwenye makao makuu ya UNESCO ndege wa jiwe, Ndege wa Amani, na aliyemchonga ni mtoto wa Tabaka hii hii, Elkana Ong'esa. Kwa watu wa mchana jambo hilo halikuwa jipya. Walijivunia siku nyingi. Wanyama wa usiku walipigwa na butwaa. Kumbe jiwe hili linaweza kuwa kitu kingine zaidi ya kiboko!

Maswali yakamiminika. Alilipwa ngapi? Nani alimjua? Alipataje nafasi ile, na je, kulikuwa na mtu wa ndani? Mbayuwayu alingoja mtu aulize Ong'esa alianza lini kuchonga, na alivunja mangapi kabla ya lile. Hakuulizwa.

Mheshimiwa Chui, mwenyekiti wa kilima, akaunda Kamati ya Ndege. Kamati ilikutana katika hoteli mjini Kisii, kwa kuwa kilimani hapakuwa na viti vya hadhi yake, na ilipokea posho ya kikao, posho ya usafiri na posho ya kuchelewa kurudi. Ikafunga safari ya mafunzo hadi Mombasa kutazama ndege wa baharini. Ikarudi na taarifa kwamba ndege wana mabawa. Yakatangazwa mashindano, na Korongo akateuliwa jaji mkuu kwa sababu mbili: yeye mwenyewe ni ndege, na anavaa taji. Zabuni ya kumchonga Ndege wa Tabaka ikapewa Chuo cha Ubingwa.

Likaletwa jiwe kubwa la waridi. Mabingwa wakalizunguka. Mmoja alisema waanze na mdomo, mwingine akasema mdomo ni fikra ya kikoloni. Siku zikapita, siku ya mashindano ikakaribia, na ikadhihirika kwamba katika chuo kizima hapakuwa na hata mmoja awezaye kushika panga bila kujikata. Ngedere akamfuata Nyani usiku, akamlipa nusu.

Nyani alichonga kwa uwezo wake wote. Nataka hilo lijulikane. Lakini mkono wake ulijua njia moja. Ndege akatoka na makalio mazito, pua ya mviringo na miguu minne iliyokatwa miwili, na juu ya kichwa, kwa mazoea, vinundu viwili. Ndege mwenye masikio. Mabingwa wakamtazama, wakakubaliana kwamba ana ujumbe.

Akapelekwa kwa Fuko na maagizo: siku tatu, na asugue tu, asiguse sanaa.

Fuko alimpapasa ndege yule toka mkia hadi mdomo. Alimjua mwenye mkono hata kabla ya kufika nyuma ya masikio. Akamgonga kwa ukucha. Bawa la kushoto lilijibu kwa sauti iliyofifia. Palikuwa na ufa, na yeyote atakayelibeba lile bawa nene kama lilivyo atalivunja kabla ya Suneka. Akakaa kimya. Halafu akalimwagia maji, akachukua, si msasa, bali tupa.

"Wamesema msugue," nyanya yake akamkumbusha kutoka kwenye beseni lake.

"Ninasugua."

Alianza kwa masikio, yakaondoka yote mawili. Akaingia kwenye makalio. Vumbi la waridi likajaa kwenye beseni, likatapishwa, likajaa tena. Lile bawa lenye ufa alilikunja likaufuata ufa badala ya kuupinga, likalala ubavuni pa ndege anayesubiri, huku la kulia likianza kufunguka. Shingo aliizungusha kidogo tangu kwenye shina, kama alivyolisikia sikio la Kiboko likizunguka mkononi mwake. Hakuwa amewahi kuchonga ndege. Alikuwa amechonga masikio usiku kwa usiku, na alipofika kwenye ndege alikuta mkono unajua pa kupunguza nguvu na pa kusimama. Usiku wa tatu bibi kizee akaja kumpitishia kidole gumba. Alianzia mdomoni. Akachukua muda. Akafika miguuni.

"Goti la nyuma bado ni la kiboko," akasema, akarudi kulala.

Fuko akalifanya goti.

Siku ya mashindano kulikuwa na mahema na wimbo wa kumkaribisha mgeni wa heshima. Korongo akamzunguka ndege kwa hatua za madaha, akatangaza kwamba kazi hii imemtoa machozi, na zawadi ni ya Chuo cha Ubingwa. Mtu mmoja akanong'ona kwamba ndege alipopelekwa kusuguliwa alibebwa na nguruwe-mwitu wanne, na amerudi amebebwa na mmoja. Ngedere akaeleza kwamba hiyo ni mbinu ya kisasa, inaitwa upunguzaji. Mabingwa wakaandika.

Nyani peke yake hakupiga makofi. Alisogea mpaka kwa ndege, akapeleka mkono pale alipokuwa ameweka vinundu, akapapasa. Palikuwa laini. Akateremka kilimani kabla ya chakula.

Ndege yuko wapi sasa? Yuko kwenye ghala la Kamati, chini ya turubai, akisubiri bajeti ya usafiri. Mbayuwayu aliondoka mwezi wa Machi bila yeye.

Siri haikukaa. Kunguru aliifukua, na safari hii alikuwa na habari ya kweli. Chui akamtaja Fuko katika hotuba, ingawa alimwita kwa jina la nyanya yake. Ngedere hakuaibika hata kidogo, aliona fursa. Chuo kikatangaza masomo mapya, Uvumilivu wa Fuko kwa Siku Tatu, pamoja na fulana zenye maneno "Kila Siku Kidogo". Waliojisajili walikuwa wengi. Wengine walilalamika kwamba siku tatu ni nyingi.

Usiku mmoja, Nyani akaja mlangoni pa shimo. Hakusalimu vizuri, hakushukuru wala hakulaumu. Alisimama hapo na uzito wake wote, mzee aliyechonga maelfu.

"Mama," akamwambia Fuko, naye hakuwa amewahi kumwita hivyo, "sikio la kiboko huanzia wapi?"

Kabla Fuko hajajibu, nyanya yake akasukuma ndoo kwa mguu. "Chota maji kwanza."

Akachota. Sikio lake la kwanza lilikuwa baya mno. Bibi kizee hakulitupa hata kwenye ndoo, alilitupa nje. Nyani akarudi kesho yake, na kesho yake tena, na viboko vyake vya biashara vikapungua mpaka Fisi akaanza kuuliza kulikoni.

Ndipo Fisi alipofika mwenyewe pale chini, Ijumaa, na gunia begani. Habari za masikio zilikuwa zimemfikia Nairobi. Akaketi kwenye ukingo wa beseni, akasifu hewa ya mahali pale, akauliza afya ya bibi, kisha akaingia kwenye jambo.

"Nataka masikio. Magunia matatu, Ijumaa ijayo. Nalipa nusu leo."

"Ninalo moja," Fuko akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye msasa. "Na halijaisha."

Fisi akafikiri. Akatazama mlango, akatazama mkono wa Fuko unavyokwenda na kurudi ndani ya maji.

"Hilo ambalo halijaisha," akasema, "utanipunguzia mpaka ngapi?"